Mwanangu, kuhusu lile swali lako la faru

Mwanangu,

Marahaba, salamu nimepata na ile voisi noti nimeisikiliza mpaka mwisho. Unasema kwenye mdahalo wenzako wamedai kulinda faru ni kupoteza hela wakati zahanati hazina dawa, na wewe ukakosa la kujibu. Nakuandikia maana kwenye simu tungekatana mtandao kabla sijafika popote.

Miaka ya 1960 Afrika ilikuwa na faru weusi karibu 100,000. Kufika katikati ya miaka ya 1990 walibaki kama 2,400 hivi bara zima, yaani mtoto aliyezaliwa wakiwa wamejaa hajafika hata uzee washaisha. Na sio ukame wala ugonjwa, ni pembe. Yemeni vijana walikuwa wanaenda kufanya kazi Saudia enzi za hela ya mafuta, wakirudi wanataka jambia lenye mpini wa pembe ya faru, huko Asia ya mashariki nako wanaisaga wanasema dawa ya homa, na pembe yenyewe ni kitu kilekile kilichotengeneza kucha zako. Biashara ya nchi kwa nchi ilipigwa marufuku 1977 lakini miaka ya 1980 ndo huku kwetu walichinjwa sana.

Sasa wenzako waulize, wanajua faru anazaaje? Mimba miezi 15, mtoto mmoja tu, afu anamlea miaka miwili mitatu au zaidi ndo apate mwingine. Moru pale Serengeti walibaki majike wawili, wawili tu mwanangu, hakuna dume, wangezeeka pale wakafa na habari ikaishia hapo. Miaka ya mwanzo ya 90 likatokea dume kutoka Ngorongoro, ndo huyo faru Rajabu unayemsikia, na watoto wakaanza kuzaliwa Moru. Hao majike wawili walikuwa hai kwa sababu kuna askari walilala porini kwa ajili yao, na mimi nikifikiria hilo moyo unanijaa kabisa. Wenzao wa Afrika Magharibi hawakupata bahati hiyo, wa mwisho walikuwa Kameruni, 2011 wakatangazwa wametoweka.

Leo Afrika nzima faru weusi wamepita 6,000. Ni hatua kubwa ila usidanganyike, mwaka 2010 waliletwa watano Serengeti kwa ndege kutoka Afrika Kusini, Rais Kikwete mwenyewe akaenda kuwapokea, na kabla mwaka haujaisha majangili wakamuua mmoja, George. Ulinzi ukilegea kidogo tu unapoteza miaka mingi ya kuzalisha.

Hoja ya zahanati ni ya kweli, usiipinge. Mimi mwenyewe nimeandikiwa dawa nikaambiwa kanunue nje, inauma. Ila dawa hazikuliwa na faru. Mgeni nikimshusha kreta ya Ngorongoro swali la kwanza ni faru yuko wapi, na ada yako ya chuo inatoka kwenye hilo swali, sisi wa Karatu, jirani na Ngorongoro, tunalijua hilo kuliko mtu yeyote. Na hata watalii wasingekuja bado ningesema walindwe, ni wetu, tuliwakuta hapa.

Kingine ambacho wengi hawakijui, wale watano wa 2010 hawakuwa wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 60 kuna faru walichukuliwa Kenya wakapelekwa hifadhi ya Addo, Afrika Kusini, wakazaliana huko, huku kwetu wakauawa karibu wote. Kwa hiyo waliorudi ni wa ukoo uleule wa Afrika Mashariki, na wengine wameletwa hifadhi ya Mkomazi pia. Hiyo iseme kwenye mdahalo. Na yule mwenzako anayebisha sana mwambie likizo apande basi na wewe mpaka Karatu, nitaongea na bosi nipate nafasi kwenye gari, tushuke kreta asubuhi na mapema aone mwenyewe.

Baba yako