Mwanangu, aliyeota sugu ni kirusi

Bukoba

Mwanangu mpenzi,

Tangu unipigie juzi usiku sijapata usingizi wa maana. Nilikusikia ukilitaja lile neno la daktari wako mara tatu, na kila mara sauti ikizidi kushuka: usugu. Ukaniuliza, "Mama, nitakuwaje sugu kwa dawa ambazo sijazimeza hata siku moja?" Simu ikakatika kabla sijakujibu. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu ningelia tu.

Kwanza, aliyeota sugu si wewe, ni kirusi cha UKIMWI. Hapa kliniki, kwenye kazi yangu ya WAVIU mshauri, yaani mwenye VVU anayeshauri wenzake, haipiti wiki sijamsikia mtu akisema "mimi nimeshakuwa sugu", na kila mara namrekebisha. Sugu unaijua tangu utoto. Nikirudi shambani ulikuwa unaibonyeza kwenye kiganja changu na kuniuliza kama inauma. Mpini ukisugua pale pale kila siku, ngozi inakomaa. Kirusi nacho, dawa ikikisugua kidogo kidogo bila kukizima, kinaota sugu pale pale inapokigusa. Wewe jembe hilo hujawahi kulishika. Kirusi kimekufikia kikiwa tayari na sugu, kutoka kwa mtu ambaye pengine naye alikipokea hivyo hivyo.

Karatasi uliyonitumia picha yake imeandikwa K103N. Herufi hizo zisikutishe. Kirusi hujinakili kwa pupa, mabilioni ya nakala kwa siku, na hakina wa kukisahihishia makosa. Kosa likitokea kwenye nafasi ya 103 ya kimeng'enya chake cha kunakilia, dawa za efavirenzi na nevirapini zinakosa pa kushika. Na kosa hili halikipunguzii kirusi nguvu sana. Yako makosa mengine ambayo hufifia dawa ikiwa haipo. Hili hukaa miaka, hata ndani ya mtu ambaye hajaonja dawa.

Usidhani umetengwa peke yako. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya nchi 11 zilizochunguzwa. Katika nchi 6, jirani zetu wa Uganda wakiwamo, zaidi ya mtu 1 kati ya kila 10 wanaoanza dawa alikutwa tayari na usugu kwa kundi hilo la efavirenzi na nevirapini. Mwaka 2019 shirika hilo likaelekeza dawa ya dolutegraviri ndiyo itangulie kwa wagonjwa wapya, na ndiyo aliyokuandikia daktari wako. Hiyo inakikaba kirusi mahali pengine kabisa, kosa la 103 haliigusi. Huko Uingereza wanapima usugu kabla ya kukuanzishia. Hapa kwetu mgonjwa mpya hapimwi usugu, kipimo ni ghali. Ungekuwa nyumbani usingeisikia hiyo K103N, na dolutegraviri ungepewa vile vile.

Sasa hili sijawahi kukuambia. Mwaka 2002, usiku wa kuzaliwa kwako, uchungu uliposhika nesi alinipa kidonge kimoja cha nevirapini na maji kwenye kikombe cha plastiki cha kijani. Kimoja tu, hiyo ndiyo ilikuwa kinga yote tuliyokuwa nayo. Wewe ukadondoshewa dawa mdomoni kabla ya saa 72 kupita, ukakunja uso kama umelamba ndimu. Ulipofikisha miezi 18 ukapimwa, huna. Nililala chini pale nje ya maabara nikamshukuru Mungu, watu wakidhani nimefiwa.

Baadaye ikajulikana kwamba kidonge kile hukaa kwenye damu ya mama siku nyingi kikipungua polepole, na katika kupungua huko kirusi kinaota sugu. Nilipoanza dawa mwaka 2006, nevirapini ilikuwa mojawapo. Halafu mwaka 2009 ukaja msiba wa babu yako. Tulilala wanawake 11 chumba kimoja, juu ya mikeka. Kopo langu la dawa nilikuwa nimelijaza pamba lisilie ndani ya mkoba, lakini kulifungua mbele ya mawifi nilishindwa. Siku 9 sikumeza. CD4, zile chembe za kinga ya mwili, zikaporomoka, nikahamishiwa dawa za mstari wa pili, za pale zile za kwanza zinaposhindwa, vidonge vinne vikubwa kwa siku. Ni vile ulivyokuwa unaniletea na maji ukidhani ni vya mgongo.

Kidonge cha leba na zile siku 9, vyote vilikuwa na mkono wao. Siku 9 zile nazijutia mpaka leo. Kidonge cha leba sikijutii. Nirudishe leba ile sasa hivi, nitakimeza tena.

Kwa hiyo, baba, usikeshe ukimtafuta aliyekuambukiza. Huenda hata yeye hajui. Kitu kimoja tu nakuomba sana: ukiruka dozi, mwambie daktari wako ukweli, hata kama ni aibu. Mimi nilidanganya miezi minne kwamba nameza vizuri, na muda wote ule kirusi kilikuwa kinakomaa. Na kile kiungulia chako, usimeze dawa yake pamoja na dolutegraviri. Dolutegraviri itangulie kwa saa 2, au isubiri saa 6 baada ya dawa ya kiungulia, la sivyo haifyonzwi vizuri.

Siku hizi na mimi nipo kwenye dolutegraviri. Nameza saa 3 usiku, nikishasikiliza taarifa ya habari. Kwa majira haya ya baridi, huko kwako inakuwa saa 12 jioni, unatoka kazini. Chagua saa hiyo hiyo. Ukishameza nibipu tu, sitapokea. Na mimi nitakubipu.

Mama yako