Mashua ya babu yako haiendi bustanini

Mwanangu Salma,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi hatujambo na mama yako anakusalimu sana. Barua yako nimeipata, na bei waliyotaja watu wa hoteli, wanaotaka kuinunua mashua ya babu yako waiweke bustanini kwao, nimeiona. Kabla sijajibu, nikupe habari ya chombo kimoja.

Chaitwa Suhaili, kwa jina la upepo wa kusini-mashariki huko Ghuba. Kiliundwa Bombay mwaka 1963 na 1964 kwa mbao za msaji, na mafundi wa vyombo wanaotumia tezo na keekee kama sisi. Mwenyewe ni Mwingereza, Robin Knox-Johnston, baharia wa meli za biashara. Urefu wake kama mita 10, kina mlingoti mkuu na galme, mlingoti mdogo wa nyuma. Kizito, wala si cha mashindano.

Mwaka 1968 akakiingiza hivyo hivyo katika mashindano ya kuzunguka dunia peke yako, bila kutia nanga bandari yoyote. Waling'oa nanga watu 9. Yeye hajafika mbali, Suhaili ikaanza kuvuja karibu na mkuku, uti wa chini wa chombo. Hapa ndipo ninapompendea mtu huyu: alizama na nyundo na pamba, akatia kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba, chini ya maji, katikati ya Atlantiki! Pamba ikatoka. Akaishona kwenye ukanda wa turubai, akazama tena na kuupigilia kwa misumari ya shaba. Papa akaja, naye baharia akapanda chomboni kumpiga risasi, kisha akarudi kazini. Mimi kalafati nimetia umri wangu wote, lakini maji yakiwa yamekupwa.

Redio ikafa, mtambo wa kujishikia usukani ukavunjika. Aprili 1969 akaingia Falmouth, Uingereza, alikotoka, siku 312. Wanane wengine hakumaliza hata mmoja.

Sasa sikiliza. Baadaye Suhaili iliwekwa ndani ya jumba la makumbusho, Greenwich, London. Hewa kavu ya humo ikasinyaza mbao. Bahari zote zile hazikuiweza, ikataka kuuawa na ukumbi! Mwenyewe akaitoa mwaka 2002, akaitengeneza, ikarudi majini.

Na huo ni msaji, tena chini ya paa. Mashua yetu kwenye jua la bustani, kaskazi moja tu itapasuka. Waambie hatuuzi. Wakitaka kupeleka wageni wao matembezini, waje tukubaliane kodi, ikiwa majini.

Ukija, niletee pamba ya kalafati. Sifa, mafuta ya kupaka chombo, ninayo ya kutosha.

Baba yako