Malalamiko: bodi zenu za Wi-Fi za MB 64 zinakatika kila jioni

Kikundi cha Mtandao wa Mtaa,
Kayole, Nairobi.

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Kwa Bwana au Bibi,

MINT: KUMBUKUMBU YA KERNELI KATIKA BODI ZA WI-FI ZA MB 64

Tulinunua bodi zenu zenye kumbukumbu (RAM) ya MB 64 ili kusambaza intaneti kwenye ploti za Kayole. Boksi linasema bodi moja inahudumia watumiaji 30. Mchana haina shida. Ikifika saa mbili usiku, watu wakisharudi kutoka kazini na wanafunzi wakiwa kwenye simu, Wi-Fi inakufa. Taa inawaka, jina la mtandao linaonekana, lakini hakuna pakiti ya data inayopita. Mtu aliyelipia siku yake anatupigia sisi, na ana haki ya kukasirika.

Watu wenu walituambia kwanza tubadilishe adapta ya umeme. Kisha tuizime na kuiwasha bodi kila alfajiri. Mwishowe wakatushauri tununue modeli ya MB 256. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuona logi, yaani kumbukumbu za matukio ambazo bodi inaziandika, kwa hiyo nawaeleza kilichomo.

Kabla ya kila kukatika, kerneli (kiini cha Linux kinachogawa RAM) inaandika kwamba draiva ya Wi-Fi, yaani programu inayoendesha redio, imeomba kumbukumbu ikanyimwa: order:3, GFP_ATOMIC. Ukurasa mmoja wa kumbukumbu ni KB 4, na order:3 ni kurasa 8 zinazofuatana, yaani KB 32 kwa mkupuo. Logi hiyo hiyo inaonyesha kwamba nafasi iliyo wazi ni kubwa kuliko hapo, ila imetawanyika. Ni kama matatu yenye viti wazi huku na huku, ikapanda familia inayotaka kuketi pamoja. Na GFP_ATOMIC maana yake ni kwamba ombi haliwezi kusubiri. Data imeshafika kutoka kwenye redio, na draiva hairuhusiwi kulala ikingoja kerneli ifagie nafasi. Ikikosa, inakosa papo hapo.

Kwa hali kama hiyo kerneli huweka akiba, nayo ndiyo vm.min_free_kbytes. Usipoigusa, kerneli huikadiria yenyewe: inachukua kumbukumbu kwa KB, inazidisha kwa 16, kisha inatafuta kipeuo cha pili. MB 64 kamili zinatoa KB 1024. Kwenye bodi zenu, kerneli ikishachukua fungu lake, hata 1024 haifiki. Akiba yote basi haitoshi maombi 32 ya draiva yenu, hata kurasa zingekuwa zimejipanga vizuri. Mliiacha namba hiyo ilivyo kwenye kifaa mnachokiuza kwa kazi ya Wi-Fi.

Lililoniudhi zaidi ni foleni ya fq_codel, ambamo kerneli hupanga pakiti zinazosubiri kutumwa. Kikomo chake cha kumbukumbu, kisipobadilishwa, ni MB 32. Kwa seva si neno. Kwa bodi ya MB 64 ni nusu ya RAM yote, kwa foleni tu! OpenWrt, mradi wa Linux kwa ruta, walikishusha hadi MB 4 kwa vifaa vidogo kwa sababu hii hii, na kazi yao iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Ninyi mlikiacha.

Tumefanya lililo katika uwezo wetu. Tumepandisha min_free_kbytes hadi 4096, tumeshusha kikomo cha fq_codel hadi MB 4, tumewasha zram, inayobana data ndani ya RAM ili nafasi ipatikane. Tulipojaribu 8192, kerneli ilianza kuua hostapd, programu inayoendesha mtandao wa Wi-Fi, kwa kukosa nafasi, kwa hiyo namba hiyo haipandishwi ovyo. Kukatika kumepungua sana, lakini hakujaisha, wala hakuwezi kuisha kwa njia hii. Akiba ni hesabu ya kurasa zilizo wazi tu. Haihakikishi kwamba nane kati yake zinafuatana.

Kilichobaki kiko ndani ya draiva, na draiva mmeifunga. Kiwango cha Wi-Fi cha 802.11n hakidai KB 32. A-MSDU, yaani pakiti kadhaa zilizounganishwa katika fremu moja ya Wi-Fi, kubwa kabisa ni baiti 7935, na kifaa kinaweza kutangaza kwamba kinapokea 3839 tu, ambazo hazizidi ukurasa mmoja. Hizo KB 32 zinatokana na draiva yenu kukusanya fremu nyingi katika safari moja ya USB, kisha kuomba nafasi upya kila mara. Inaweza kutenga nafasi hizo mara moja wakati bodi inawaka, kabla kumbukumbu haijatawanyika, na kuzitumia tena na tena. Mhandisi wenu anaijua kazi hii.

Badala yake tuliambiwa kwamba kugusa sysctl, yaani mipangilio ya kerneli kama min_free_kbytes, kunavunja dhamana. Hilo silikubali. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya maelezo anayohitaji ili anufaike nayo. Sisi tulinyimwa vyote viwili.

Tunataka toleo jipya la programu ya bodi lenye draiva iliyorekebishwa, na thibitisho la maandishi kwamba dhamana yetu ingali hai. Tunataka pia msimbo chanzo wa kerneli mliyoibadilisha. Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, na anayeisambaza anawajibika kuutoa kwa aliyepokea programu. Mkishindwa kurekebisha draiva, chukueni bodi mturudishie pesa, na muondoe ile ahadi ya watumiaji 30 kwenye boksi kabla hamjamuuzia mwingine.

Tunasubiri jibu la mhandisi ndani ya siku 14. Logi kamili, pamoja na /proc/buddyinfo (orodha ya kurasa zilizo wazi na jinsi zinavyofuatana) iliyochukuliwa wakati wa kukatika, zimeambatishwa.

Wako mwaminifu,
Fundi wa mtandao, kwa niaba ya kikundi