Usitutumie picha ya alama peke yake

Wateja wengi wanaotaka tuwasaidie kuuza vyombo vya Kichina walivyorithi hututumia picha moja tu, ya alama: zile herufi sita zilizoandikwa chini ya bakuli. Herufi hizo hutaja nasaba na jina la mfalme, kwa hiyo mtu huziamini kama cheti cha kuzaliwa. Kwa kweli, ndizo ushahidi dhaifu kuliko wote.

Mafundi wa Jingdezhen, mji wa China uliochoma vyombo vya kauri vya kifalme kwa karne nyingi, walikuwa na desturi ya kuandika jina la mfalme wa kale kwenye kazi mpya. Vyombo kadha wa kadha vya zama za Kangxi (1662–1722) vina alama ya Chenghua, mfalme wa karne ya 15. Ilikuwa ni kuwaenzi waliotangulia. Waghushi nao wanaandika alama hizo hizo mpaka leo.

Sisi tunataka kukiona kitako. Tandika taulo, kipindue chombo taratibu karibu na dirisha, kisha piga picha ule ukingo usio na mng'ao, ambapo udongo umebaki wazi. Halafu piga picha ya mikwaruzo. Chombo kilichotumika miaka mingi huwa na mikwaruzo iliyokwenda huku na huko, mingine mirefu, mingine haionekani vizuri. Kilichozeeshwa kwa msasa mara nyingi mikwaruzo yake hufuata upande mmoja. Ukikuta neno CHINA limepigwa muhuri kwa Kiingereza, basi huenda kilitengenezwa kwa ajili ya soko la nje baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa zionyeshe nchi zilikotoka. Na tafadhali sana, usikisugue wala usikigundishe. Ufa ulioachwa kama ulivyo hautupi shida. Gundi ya dukani inatupa shida kubwa.

Kinachopandisha bei kuliko watu wanavyodhani ni karatasi. Mwaka 2014, huko Hong Kong, kikombe kidogo cha Chenghua chenye picha za kuku, upana wake kama sentimita 8, kiliuzwa kwa dola za Hong Kong milioni 281. Ni kweli vikombe vya aina hiyo ni adimu mno, lakini pia kilijulikana kimepitia mikononi mwa wakusanyaji gani. Kwa hiyo tafuta risiti za zamani, barua, hata picha ya harusi ambayo jagi linaonekana kabatini nyuma ya maharusi. Sanduku la mbao usilitupe.

Kuna mali tusizozipokea. Pembe za ndovu na za kifaru, hata zikiwa zimechongwa kwa ustadi wa ajabu, hatuzigusi. Vilevile kauri zilizochimbuliwa kwenye magofu ya Gedi au kubanduliwa kwenye makaburi ya Kunduchi. Hizo ni urithi wa pwani yetu sote, na sheria za Kenya na Tanzania zinazilinda.

Wengine hutuuliza kwa nini hatukimbilii mnada wowote unaoahidi bei kubwa. Mwaka 2010, pembezoni mwa London, jagi la Kichina lilifikishwa pauni milioni 43, nyundo ikagongwa, na mnunuzi hakulipa. Siku hizi minada mingi hudai amana kabla ya mtu kuruhusiwa kupandia bei mali ya thamani kubwa, na huko ndiko tunakopeleka vyombo vya wateja wetu. Bei ya chini ambayo hutaki kushuka tunaiandika kwenye mkataba, pamoja na kamisheni yetu, kabla chombo hakijatoka nyumbani kwako.