Mama Kulwa, usinunue maboksi matano

Fort Worth, Texas
Jumapili, baada ya alasiri

Mpenzi Mama Kulwa,

Assalamu alaykum, shoga yangu. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba Kulwa na watoto wote watano. Sisi hatujambo, ila kitindamimba ana mafua na anataka kubebwa kutwa nzima.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unaniuliza ununue mtaala gani, maana mmeshakata shauri kuwasomesha watoto nyumbani kuanzia mwaka huu wa masomo. Nimeona nikuandikie, kwa sababu maneno ya sauti hupita, na haya nataka uyarudie ukiwa umetulia.

Kabla sijakutajia kitu chochote cha kununua: usinunue boksi zima la mtaala kwa kila mtoto. Mimi nilifanya hivyo mwaka wa kwanza. Niliingia kwenye tovuti ya kampuni moja, nikachagua darasa la kwanza, la tatu, la tano na la saba, nikalipa karibu dola 1,800 tulizokuwa tumeziweka kwa ajili ya nauli ya kwenda nyumbani. Yakaja maboksi manne. Kila boksi lilikuwa na masomo saba, na kila somo lina kitabu chake cha mwalimu. Piga hesabu mwenyewe, shoga: vipindi 28 kwa siku, mwalimu mmoja, na mwalimu huyo huyo ndiye mpishi. Ilipofika Oktoba, mkubwa alikuwa Misri ya kale, wa pili yuko na makoloni ya Marekani, wa tatu anajifunza kazi za watu mtaani, na mimi naruka kutoka kiti hiki kwenda kile. Adhuhuri inaingia sauti imenikauka na yule mdogo hajafunguliwa hata ukurasa. Siku moja nililia jikoni, bomba likiwa wazi watoto wasinisikie.

Baba yao alinikuta pale. Hakunishauri niwarudishe shule. Aliniuliza tu, "Kwani nyinyi kule Tanga, chuoni mlikuwa mnasomaje?"

Unakumbuka chuo chetu cha Kurani? Mkeka mmoja, watoto wa kila umri. Yupo wa alifu, yupo wa Juzuu Amma, yupo anayekaribia kukhitimu. Kila mtu anasoma pale alipofika, kwa sauti yake, na maalimu anatuita mmoja mmoja kutusikiliza. Wakubwa wanawasomesha wadogo. Mimi fataha na kisira, zile alama za irabu, nilifundishwa na wewe, na ulikuwa mkali kuliko maalimu mwenyewe. Kisha akianza kusimulia kisa cha Nabii Yusuf, wote tunanyamaza, na kila mmoja anaondoka na alichoweza kubeba. Hakuna aliyeuliza kisa kile ni cha darasa la ngapi.

Basi kuanzia siku ile nikayagawa masomo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale ya kupanda ngazi: hesabu, kusoma na kuandika. Hapo kila mtoto ana kitabu chake na anakaa kwenye ngazi aliyofika. Fungu la pili nikaliita ya mkekani: historia, jiografia, sayansi, dini, hadithi, kuchora. Hayo tunasoma pamoja, kitabu kimoja kwa nyumba nzima, nami nasoma kwa sauti. Mdogo anachora alichosikia, wa kati ananisimulia kwa maneno yake na mimi naandika, mkubwa anaandika ukurasa mzima peke yake. Ukifanya hivyo, ukiwa na watoto watano utanunua seti tano za vitabu vya ngazi na vya mkekani seti moja tu.

Kwenye hesabu nataka unisikilize kwa makini. Wachapishaji wengi huweka jaribio la kumpima mtoto, bure kabisa, kwenye tovuti zao. Mpe mtoto jaribio kwanza, ndipo ununue. Namba ya darasa iliyo kwenye jalada usiifuate. Binti yangu wa pili alikuwa "darasa la tano", lakini jaribio lilionyesha kwamba kutoa kwa kukopa hakukumwingia, hasa penye sifuri. Nikampa 402 toa 157. Akaandika 355 na kufuta, akaandika 255 na kufuta, hadi karatasi ikatoboka.

Nikafunga kitabu. Nikaleta pakiti ya njiti za meno na mipira ya kufungia nywele. Tukafunga njiti kumi kumi, kisha mafungu kumi tukayatia kwenye kikombe kimoja, hiyo ikawa mia. Vikombe vinne na njiti mbili mezani. Katikati, mahali pa makumi, patupu. Nikamwambia anipe 157. Akazishika zile njiti mbili, akatazama pale patupu, akakaa kimya muda mrefu, nami nikajizuia nisiseme. Halafu akavuta kikombe kimoja, akamwaga mafungu yake kumi, akalichukua fungu moja na kuvua mpira, njiti zikatawanyika. Akahesabu polepole. Vikabaki vikombe viwili, mafungu manne, njiti tano. "Mama," akasema, "sifuri hana kitu, lakini jirani yake anacho." Tulirudi nyuma karibu mwaka mmoja na nusu wa kitabu, na leo hii yuko mbele ya umri wake. Ndiyo njia wanayoifuata Singapore: mtoto aanze na kitu cha kushika, kisha picha, tarakimu zije mwisho. Vitabu vinavyofuata njia hiyo vinauzwa hapa Marekani, na kwa watoto wanaoogopa hesabu mimi sioni njia iliyo bora zaidi.

Na mazoezi si lazima wayamalize yote. Ukurasa una maswali 30. Mtoto akipata kumi ya mwanzo bila kosa, funga kitabu mwende nje. Mwandishi wa kitabu hamjui mwanao, wewe unamjua.

Sasa kusoma. Hapa nitakwambia jambo ambalo hutalikuta kwenye mtaala wowote wa huku: yule wako wa miaka mitano mwanzishie Kiswahili. Kiingereza kinamchosha mtoto mdogo, herufi moja ina sauti nne, na kila akidhani ameipata anaambiwa hapa inabadilika. Silabi zetu hazibadiliki. Ba ni ba popote utakapoikuta. Kitindamimba wangu alikuwa amehangaika na Kiingereza miezi mitano na ameanza kujiona mjinga. Nikabandika karatasi kwenye friji: a e i o u, ma me mi mo mu, dakika kumi kila asubuhi kabla ya chai. Baada ya wiki kama sita alimsomea bibi yake kwa simu, bibi yuko Muheza, sentensi tatu za kitabu kidogo cha hadithi. Mama yangu alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika, kumbe analia. Mtoto akishajua kwamba herufi zinabeba sauti, Kiingereza kinamfuata bila vita kubwa.

Vitabu vya Kiswahili vya bure vipo. African Storybook, mradi wa watu wa Afrika Kusini, una hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili zenye picha, zimepangwa kwa ngazi, na unaruhusiwa kuzichapisha. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Kwa Kiingereza tumia maktaba ya mji. Sisi tunarudi na mkoba mzima kila wiki mbili.

Historia wengi huizungusha kwa miaka minne: zama za kale, zama za kati, zama za mwanzo za kisasa, kisha hizi za kwetu, halafu inaanza upya mtoto akiwa mkubwa na anaelewa zaidi. Mpango huo unafaa sana kwa nyumba yenye watoto wengi. Lakini ukifika zama za kati utaona kitabu kinazunguka Ulaya majumba kwa majumba. Usikubali watoto wako wadhani watu wao walikuwa wamelala. Mimi nilifunga kitabu wiki tatu tukasoma Kilwa: dhahabu iliyoshuka Sofala, pwani ya Msumbiji, msafiri Ibn Battuta alivyofika mwaka 1331, msikiti mkuu ambao magofu yake bado yamesimama, na Wareno walivyouvamia mji mwaka 1505. Tukasoma pia habari ya sarafu zinazoaminika kuwa za Kilwa, zilizookotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Wanangu walivuta uzi kwenye ramani kutoka Kilwa hadi kule, na mpaka leo wanabishana zilifikaje. Mkubwa ameandika kurasa sita juu ya jambo hilo, na hakuna aliyemlazimisha.

Sayansi nitakugusia kidogo. Mwezi wa Shaabani tulitoka nje kila jioni kuutazama mwezi. Mdogo akauchora, wa kati wakaandika saa na upande ulipo, mkubwa akatafuta kwa nini mwezi mwandamo huzama muda mfupi tu baada ya jua. Ulipoandama wa Ramadhani walikuwa wanaungoja kama mgeni.

Ila huyo mkubwa wako wa miaka 12 hatakaa mkekani milele. Mwaka ujao au wa pili atahitaji aljebra na sayansi ya peke yake, na wewe uanze kuweka rekodi za masomo yake mapema, zitatakiwa chuo kikuu. Sisi wa kwetu tumeanza kumwacha asome peke yake kwa muda wa saa mbili kila asubuhi kabla sijamsikiliza.

Sheria usiige kwangu. Huku Texas, tangu hukumu ya mahakama kwenye kesi ya akina Leeper, wazazi waliosomesha watoto nyumbani, shule ya nyumbani inahesabiwa kama shule binafsi; tunatakiwa kufundisha kwa dhati kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, na hakuna karatasi tunayopeleka kila mwaka. Kwenu Pennsylvania si hivyo. Peleka hati ya kiapo kwa mkuu wa shule za wilaya yako kabla hamjaanza, pamoja na malengo ya kila somo na rekodi za chanjo na afya, kisha kila mwaka kabla ya tarehe 1 Agosti. Mtafundisha siku 180, au saa 900 kwa walio shule ya msingi. Orodha ya masomo ni ndefu, hata historia ya Pennsylvania na kinga ya moto imo. Weka jalada la kila mtoto: orodha ya vitabu alivyosoma na mifano ya kazi zake, kwa sababu mwisho wa mwaka mtathmini atalipitia na kuzungumza na mtoto. Kulwa na Doto wanaingia la tatu, na la tatu lina mtihani wa kusoma na hesabu. Wewe mzazi huruhusiwi kuusimamia, basi tafuta mtu mapema. Yule wa miaka mitano bado hahesabiwi, kwenu lazima ya kusoma inaanzia miaka sita. Mwache acheze.

Watu watasema. Wifi yangu alisema nawaharibu watoto, na hakuacha kusema mpaka alipokuja kukaa nasi wiki mbili. Wewe endelea na kazi yako.

Vitabu vya hesabu vya ngazi ya pili na ya tatu ambavyo havijaandikwa ndani nakutumia kwa posta Jumatano, pamoja na zile karatasi za silabi. Kwenye bahasha ndogo nimetia majaribio mawili. Mpe Kulwa la kwake na Doto la kwake, vyumba tofauti, na majibu usiyalinganishe. Usidhani kwa kuwa walizaliwa siku moja basi wamefika mahali pamoja. Kisha nipigie, tuyaangalie sote kabla hujalipa hata senti.

Nisalimie Baba Kulwa. Watoto wabusu wote.

Ni mimi shoga yako wa mkeka mmoja