Kwa wifi yangu anayeondoka na gari-nyumba: achaneni na hiyo mashine ya kufulia

Wifi yangu,

Salamu nyingi, na hongereni kwa safari. Kaka ameshanitumia picha za hilo gari pande zote hadi uvunguni, nami nimefurahi pamoja nanyi. Ila kwenye ujumbe wako wa juzi kuna mstari mmoja ulionikalisha kitako kuandika: kwamba mnafikiria kufunga mashine ya kufulia ndani ya kabati la nguo, ili nguo chafu zisiwasumbue njiani. Naandika hadharani kwa sababu si wewe peke yako uliyeniuliza, na wenye mpango kama wenu wasome humu humu.

Msifunge, wifi.

Tuanze na maji. Tangi la maji safi la gari kama lenu hubeba lita 100, au zaidi kidogo. Mashine ya mlango wa mbele, hata hizi zinazosifiwa kwa kubana matumizi, hunywa kama lita 50 kwa mzunguko mmoja. Yaani nusu ya maji ya kunywa, kupikia, kuogea na kuoshea vyombo inaondoka na fulana za watoto. Tena hayapotei hayo. Yanashuka kwenye tangi la maji machafu, ambalo mara nyingi ni dogo kuliko la maji safi, na jioni mtakuwa mnahangaika na pa kumwaga kabla ya pa kulala.

Umeme ndio kabisa. Kupasha maji peke yake kunataka wati 2,000 hivi. Kwenye betri ya volti 12 hiyo inakaribia ampea 170, na betri ya kawaida ya ampea-saa 100, ambayo si vizuri kuimaliza kupita nusu, haitafikisha dakika 20. Mkichomeka umeme wa kambini mtafua, sawa, lakini kambi yenye umeme mara nyingi ina chumba cha mashine za kufulia. Sasa yenu ya nini?

Na mashine ya nyumbani hufungwa zege ndani ili isirukeruke ikikamua, na pipa lake linaning'inia kwenye springi. Ndiyo maana ikihamishwa hukazwa bolti. Ipigishe mashimo ya barabarani kila siku uone. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya magari, ndogo na nyepesi, na wenye mabasi makubwa ya kifahari wanazisifu sana. Nyie hamna basi. (Kaka asinune.)

Lakini hata ningekupa mashine ya bure, isiyotaka maji wala umeme, bado ingewaachia shida yenyewe, nayo ni kukausha. Kufua kwenye gari ni rahisi. Nguo mbichi ndizo zitakazowatoa mle ndani.

Fikiria mzigo mdogo wa nguo, umekamuliwa kwa mkono hadi viganja vinauma. Bado una lita mbili au tatu za maji ndani yake. Ukizianika ndani ya gari usiku, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, maji yote hayo yanaingia hewani, halafu yanatafuta sehemu baridi ya kutua: vioo, kona za makabati, chini ya godoro. Godoro lililolala juu ya mbao bila nafasi ya hewa huota koga upande wa chini, na hamtajua mpaka siku mtakapolinyanyua. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza haihusu sabuni hata kidogo: usifue siku ambayo hujui nguo zitakaukia wapi.

Inayofuata imetoka hapo hapo. Fua kidogo, kila siku au baada ya siku moja, usingoje rundo. Soksi, nguo za ndani na fulana nyepesi zifuliwe wakati wa kuoga. Kila mtu na zake, hata watoto, wakubwa hao. Vitu vinne vitano vinakauka usiku mmoja. Ishirini havikauki, vinavunda, na nguo ikishavunda itabidi uirudie yote, pamoja na maji yake.

Beseni moja la kukunjika linatosha, lita tano za kufulia na tano tano za kusuuza mara mbili. Hapo wengi hukosea kwenye sabuni. Kinachomaliza maji ni kusuuza, na kinachoongeza kusuuza ni povu. Kijiko cha chai kimoja cha sabuni ya maji kinatosha beseni zima kwa nguo zilizoshika jasho tu. Doa lipake sabuni lenyewe, liache dakika chache, lifikiche. Maji ya kusuuzia ya mwisho yabakize, ndiyo yatakayofulia soksi zinazofuata. Na kile kimiminika cha kulainisha nguo kiacheni nyumbani: kinaacha utando kwenye taulo, zinashindwa kunyonya maji, na kinataka kusuuzwa zaidi.

Siku mnazohama, kuna njia ya wavivu ambayo mimi naipenda kuliko zote. Chukua ndoo yenye kifuniko kinachobana sawasawa, tia nguo, maji ya uvuguvugu yasipite nusu, na sabuni kidogo. Ifunge kwa kamba pale chini bafuni, ili ikivuja maji yaingie kwenye tundu la kuogea. Endesheni. Kona, matuta na breki za kaka zitafanya kazi yote. Mkifika mnasuuza tu. Barabara mbovu inafua vizuri kuliko lami, angalau mtapata faida yake.

Sasa kukamua. Usipindepinde nguo kama kamba, utaivuta sura. Tandaza taulo kavu, laza nguo juu yake, vikunje pamoja kama mkeka, kisha pigia goti au mwambie mtoto mmoja apande juu akanyage (wataipenda kazi hii kuliko zote). Taulo inanyonya maji mengi ambayo mikono isingeyatoa, na muda wa kukauka unapungua sana. Taulo yenyewe iwe nyembamba, zile za nyuzi ndogo ndogo; taulo nene za pamba ni adui wa gari, na jinzi ni binamu yake. Chukueni jinzi moja kila mtu, basi. Vitambaa vya sintetiki hukauka haraka lakini hushika harufu ya jasho. Sufu laini ya merino ni ghali, ila inavaliwa mara kadhaa kabla ya kunuka, na kwangu kutofua huko ni bora kuliko kufua.

Nunua kamba ya mpira iliyosokotwa, ile unayopenyeza ncha ya nguo katikati ya msokoto bila vibanio. Inakaa mfukoni. Kambi nyingine haziruhusu kufunga kamba kwenye miti, kwa hiyo uliza kwanza, la sivyo funga kwenye gari lenyewe. Kwenye mikono ya kile kivuli cha turubai kinachokunjuliwa ubavuni mwa gari anikeni vyepesi tu, na upepo ukianza anua kila kitu, kwa maana kivuli hicho kikichanika hamtanunua kingine kirahisi. Anua kabla ya umande pia. Nguo iliyokauka mchana hurudi ubichi usiku.

Mvua ikiwashika, pa kuanika ni bafuni, mlango umefungwa, tundu la hewa la juu limefunguliwa na feni inavuta nje. Mkiwa mwendoni, kiyoyozi cha mbele hukausha hewa, kwa hiyo nguo za bafuni zisogezeni karibu nacho, mradi zisimzibe dereva macho wala vioo vya pembeni.

Shuka, mablanketi na jinzi hizo msihangaike nazo. Zitunzeni mpaka mpite mji wenye mashine za kulipia, mmalize zote kwa mkupuo kwenye mashine kubwa. Nendeni asubuhi siku ya katikati ya wiki. Wekeni kopo la sarafu, na kadi pia, maana nyingine siku hizi hazipokei sarafu. Kabla ya kutia nguo, pitisha kitambaa cheupe ndani ya pipa: aliyetangulia huenda ametumia dawa ya kung'arisha, au ameacha kalamu mfukoni. Shuka zipelekeni nyuzi 60, joto linaloua utitiri wa vumbi. Na mkihisi mmeokota kunguni mahali, nusu saa kwenye mashine ya kukausha yenye moto mkali inawamaliza. Ondoeni kwanza vumbi la nyuzi kwenye kichujio, hilo hushika moto.

Maji machafu msimwage vichakani wala mtoni, hata chupa ya sabuni ikiapa kwamba inaoza yenyewe. Sabuni hizo huozeshwa na vijidudu vya udongoni, na mtoni hakuna udongo wa kuzichuja. Wanaozoea nyika huwa wanakaa mita 60 kutoka kwenye maji hata kuosha kikombe tu. Nyie mna tangi. Lijazeni, mkalimwage panapohusika.

Halafu, wifi, zamu. Nimeona kwenye ile orodha yenu kazi ya kaka ni kuendesha na kuchoma nyama, na nguo hazina jina. Mama alitufundisha kufua sote, na kaka ndiye aliyekuwa akisifiwa kwa mashati meupe. Mwandikie jina lake pale, akibisha mwambie anipigie.

Wifi yako