Korosho za mezani zilikuwa zangu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi, na kila niliposhika kalamu nilijizuia. Ila ile habari yenu ya hafla ya kuwatuza wajasiriamali wa mkoa wetu, mkaweka na picha ya waheshimiwa wanatafuna korosho, imenishinda. Eti wageni walifurahia ladha ya kusini. Ladha hiyo ina mwenyewe.

Zilikuwa kilo 15, nzima tupu, hakuna kipande. Nimebangua na binti zangu usiku kucha, mafuta ya maganda yakatubabua vidole, hata majivu tuliyojipaka kujikinga hayakufua dafu. Mjumbe wa kamati akazichukua kwa maneno matupu, hela baada ya hafla. Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza mhasibu yuko Dar. Mara ya pili sina risiti ya mashine. Mara ya tatu kijana mmoja, umri wa mjukuu wangu, akanishauri nizihesabu kuwa udhamini, maana jina langu limetangazwa ukumbini. Limetangazwa lini, nami sikuwepo? Sikualikwa, viti vilikuwa vinauzwa. Nasikia aliyepewa tuzo ya usindikaji alipanda jukwaani na kanzu nyeupe pee. Anayebangua korosho hana nguo nyeupe, Mhariri.

Na kwa kuwa nimeshaanza, hili la korosho ghafi nalo. Tangu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala, ilipoingia mwaka 2007, korosho inapita chama cha msingi cha ushirika, ghala, kisha mnada. Mkulima sina ugomvi naye. Lakini mnadani huko wanauziana kwa tani, mimi nataka magunia mawili. Nikinunua kwa jirani yangu naitwa kangomba, yaani mnunuzi wa magendo, nikimbizwe kama mwizi, huku ghafi inapakiwa melini kwenda India na Vietnam ikabanguliwe na wenzetu. Halafu jioni tunavishwa maua kwa "kuongeza thamani"!

Mwakani hafla iwe saa mbili asubuhi. Kila mgeni apewe debe la ghafi, kigongo na kopo la majivu, na asiyetoa nzima 50 asiguse pilau. Mshereheshaji aanze.

Mhasibu naye, kama bado yuko Dar, apande basi aje. Debe lake nimeshalitenga.

Mama mbangua korosho,
Chikongola, Mtwara